Karai katikati au sahani ya mmoja mmoja: kuchagua meza ya Kihindi Kisumu

Mkiwa sita, na kati yenu yumo mama aliyetoka Seme asubuhi kuja kumpongeza mjukuu aliyehitimu Maseno, nendeni kwenye mkahawa wa Kihindi wa zamani, ule wa makarai katikati ya meza. Mkiwa wawili, hamna haraka, na mnapenda kuzungumza juu ya kila kinachoingia kinywani, lipieni ule wa kisasa. Na kama mmoja wenu hali nyama kwa ajili ya imani yake, fikirieni thali ya Kigujarati, ile sinia ya vibakuli vya mboga na dengu, kabla ya hiyo miwili. Uamuzi wangu nimeutanguliza ili mwenye haraka asisubiri. Zilizobaki ni sababu, na zinastahili kusomwa, maana bili ya meza hizi inaweza kula bajeti ya mwezi.

Chakula cha Kihindi kilifika Kisumu kwa reli. Njia ya chuma iligusa ziwa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, nayo ilikuwa imejengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Karibu 6,700 wakabaki. Nyuma yao wakaja wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch, wakafungua maduka kando ya reli na kando ya ziwa. Wengine wakaingia katika miwa, na kiwanda cha Miwani kikaanza 1922. Kwa hiyo mji huu umekua na majiko mawili ya Kihindi yasiyofanana: la Kipunjabi, lenye tanuri la udongo, kuku, mbuzi, samli na maziwa, na la Kigujarati, lenye mboga, dengu na utamu kidogo ndani ya mchuzi. Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 mnamo Julai 2017, lakini chapati, sambusa, bajia na chai ya masala zilikuwa za nyumba zetu zamani kabla ya hapo.

Jiko la tatu, la kisasa, ni geni. Huko ng'ambo lilipata jina mwaka 2001, Tamarind ya London ilipokuwa miongoni mwa mikahawa ya kwanza ya Kihindi kupewa nyota ya Michelin, tuzo kubwa ya mikahawa. Mwaka 2009 Indian Accent ikafunguliwa New Delhi na kuonyesha kwamba hata nyumbani India watu wako tayari kukaa kitako na kula panipuri, kile kitafunio cha mtaani, kama chakula cha heshima. Mwaka 2025 Trèsind Studio ya Dubai ikawa mkahawa wa kwanza wa Kihindi duniani kupata nyota tatu. Mtindo huo sasa unashuka hadi miji yetu kwa sura nyepesi: taa hafifu, sahani pana nyeusi, chakula kidogo katikati ya sahani, na weita anayeeleza kila kitu kabla hujakigusa.

Tuanze na namna chakula kinavyofika, maana hapo ndipo karamu nyingi huharibika. Kwenye mkahawa wa zamani kila kitu huja karibu kwa pamoja: karai la kuku, bakuli la dali ya dengu, paniri, ile jibini nyeupe ya Kihindi, ikiwa ndani ya mchicha, wali wa binzari nyembamba, na kikapu cha naan kilichofunikwa kwa kitambaa. Mnapitishiana. Mtoto akikataa mchicha anakula kuku. Mama akiipenda dali anaongezewa. Hakuna anayekaa akiwatazama wenzake wakila. Mtu wa Nyanza hahitaji kufundishwa ulaji huu, kwa sababu ngege (tilapia) mzima na ugali katikati ya meza huliwa vivyo hivyo.

Kwenye mkahawa wa kisasa chakula huja kwa awamu. Kwanza kitu cha kuonja, pengine panipuri moja iliyojazwa maji ya ukwaju mbele yako. Kisha kipande cha samaki kutoka tanurini chenye chatne ya dania. Kisha nyama, kisha dali na mkate, kisha kitindamlo. Katikati ya awamu kuna dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano, na menyu ya kuonja yenye awamu saba inaweza kuchukua saa mbili na nusu bila mtu yeyote kuzembea. Kwa wawili wanaoadhimisha ndoa yao, huo ni muda mtamu. Kwa meza ya mahafali ni mtihani. "Mama, hii ni ya kuonja tu, chakula chenyewe kinakuja," weita atasema kwa heshima zote. Mama atajibu, "Sawa mwanangu, nangoja," na meza nzima itaanza kula kwa haya. Mama hana kosa hapo, wala weita. Aliyekosea ni aliyechagua meza.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaiulizi. Mikahawa mingi ya kisasa huuza pia chakula kwa sahani mojamoja, nje ya menyu ya kuonja. Piga simu mapema uulize: je, mnaweza kutuletea vyote kwa pamoja tukagawana? Jiko linalojiamini litasema ndiyo na kukushauri kiasi. Likisita, au likikwambia sahani zao hazigawanyiki, umejua mapema na hujapoteza nauli.

Sasa mchuzi, ambao ndio kiini cha jambo hili, nami nitakaa hapa kidogo.

Mkahawa wa zamani wenye vyakula mia moja kwenye menyu haupiki michuzi mia moja, na hakuna jiko linaloweza. Asubuhi wapishi huandaa rojo tatu au nne za msingi. Moja ni ya vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa rangi ya kahawia, pamoja na nyanya, tangawizi na kitunguu saumu. Moja ni nyeupe, ya korosho na vitunguu vilivyochemshwa. Moja ni ya nyanya, siagi na krimu. Mara nyingi kuna na ya mchicha. Agizo likiingia, mpishi huchota rojo, huiunga upya kwa viungo vya chakula kilichoagizwa, hutia nyama au paniri, na dakika kumi baadaye karai liko mezani likitoa moshi. Kuku wa siagi na paniri ya siagi huwa na ladha ya ndugu wawili kwa sababu rojo yao ni moja. Hakuna udanganyifu hapo. Ni ufundi wa miaka mingi unaowezesha meza ya watu ishirini kula kwa wakati mmoja, nao ninauheshimu.

Lakini una maana kubwa kwa anayeagiza. Meza ikichukua michuzi minne kutoka rojo ileile, imenunua chakula kimoja mara nne. Nenda kwa rangi: mmoja mwekundu wa nyanya na siagi, mmoja wa kijani wa mchicha, mmoja wa kahawia wa mbuzi au kuku, na chakula kimoja kikavu kisicho na mchuzi kabisa, kama bamia za kukaanga au viazi na koliflawa. Ongeza dali. Watu sita watashiba, na kila tonge litakuwa na ladha yake. Namna hii ya kuagiza hufanya mkahawa wa kawaida ushindane na wa kifahari, na haigharimu chochote zaidi.

Mkahawa wa kisasa, ukiwa wa kweli, hupika kila mchuzi peke yake. Mbuzi huiva ndani ya mchuzi wake tangu mwanzo, mifupa ikatoa uzito, viungo vikaingia hadi ndani ya nyama, badala ya nyama iliyochemshwa pembeni kuvalishwa rojo dakika za mwisho. Hiyo ni kazi ya saa nyingi, nayo ndiyo unayoilipia. Kwa hiyo kabla ya kutazama bei, tazama urefu wa menyu. Jiko dogo linaloahidi vyakula ishirini na tano linaweza kutimiza ahadi hiyo. Jiko la kifahari linaloahidi mia moja limerudi kwenye rojo za msingi, na hapo pesa yako inakwenda kwenye sahani nyeusi na taa.

Kipimo changu cha pili ni dali makhani. Dengu ndogo nyeusi hulowekwa usiku kucha, huchemshwa zikalainika, kisha hukaa juu ya moto mdogo saa nyingi zikikorogwa, hadi zenyewe zipasuke na kuufanya mchuzi mzito. Siagi na krimu huja mwishoni, kwa kiasi. Jiko lenye haraka huzipitisha kwenye sufuria ya presha na kuficha uharaka huo kwa krimu nyingi. Ulimi hutambua mara moja: ya kwanza ina uzito wa dengu, ya pili ina uzito wa maziwa. Mkahawa wowote, wa zamani au wa kisasa, ukikuletea dali ya kwanza, rudi. Ukikuletea ya pili kwa bei ya juu, mengine yote kwenye menyu yatiliwe shaka. Dali ni chakula cha bei nafuu kuliko karibu vyote, hivyo kipimo hiki hakimuumizi mtu mfukoni.

Tanuri nalo lina la kusema. Kuku wa tanduri kama tunavyomjua leo, aliyelowekwa kwenye maziwa ya mgando na viungo kisha kuchomwa akiwa mshikakini, alienea kutoka mikahawa ya Delhi baada ya mgawanyo wa India wa 1947, wakati Wapunjabi waliohama walipofungua majiko yao mjini humo. Moti Mahal ya Daryaganj, ya mwaka huohuo, ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa chimbuko. Tanuri lenyewe ni mtungi mkubwa wa udongo wenye makaa chini, na joto lake hupita nyuzi 400 za Selsiasi. Naan hubandikwa ukutani na kuiva kwa dakika moja au mbili. Uzuri huo haudumu. Naan iliyokaa dakika kumi mezani hutafunwa kwa taabu. Basi kwenye mkahawa wa zamani msiagize mikate yote mara moja. Agizeni mitatu, mkiikaribia kumaliza agizeni mingine, na weita mzuri atawaelewa. Mkahawa wa kisasa unauzidi wa zamani hapa bila ubishi, kwa kuwa mkate mdogo huja na awamu yake ukiwa moto, na hakuna anayelazimika kupiga hesabu.

Kuhusu kula kwa mkono: kuleni. Vijiko na uma vilivyopangwa kando ya sahani ni kwa anayevitaka. Naan imetengenezwa ichanwe kwa vidole na kuchotea mchuzi, na mkahawa wowote wa Kihindi, hata wenye vitambaa vyeupe, unalijua hilo. Nawa mikono, tumia wa kulia, usimtazame mtu.

Pilipili huwatisha wengi kuliko inavyostahili. Upishi wa kanda ya ziwa hautegemei viungo vingi. Samaki hupikwa kwa nyanya na kitunguu, na mboga za kienyeji kama osuga na dek hulazwa kwenye maziwa hadi ukali wake upungue. Mtu aliyelelewa hivyo ataelewana haraka na paniri ya mchicha, kuku wa siagi na michuzi ya korosho, kwa kuwa maziwa anayajua. Kwenye mkahawa wa zamani ukali huamuliwa unapoagiza: sema pilipili kidogo, au ya kiasi, na mpishi atafuata kwa sababu anauunga mchuzi wako papo hapo. Kwenye wa kisasa mchuzi umepikwa tangu mchana na haubadiliki, ila kwa kawaida huwa mpole zaidi na huegemea uchachu wa ukwaju, embe bichi au ndimu. Anayependa jasho la pilipili atatoka wa kisasa hajaridhika, na hilo nimelisikia kutoka kwa watu wengi wa hapa wenye asili ya Asia pia.

Samaki. Hapa ningetaka mikahawa ya kisasa ya Kihindi ya Kisumu ihukumiwe vikali kuliko popote pengine, kwa sababu ziwa liko hapo chini. Mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, ana nyama nene, nyeupe, isiyo na miiba midogo, na hushikamana kwenye mshikaki hata ndani ya joto la tanuri. Ukimloweka kwenye maziwa ya mgando, manjano, tangawizi, kitunguu saumu na mbegu za ajwaini, kiungo kinachopendwa sana katika mapishi ya samaki huko India, anatoka na ngozi ya dhahabu na maji yake yote ndani. Mikahawa ya zamani humtengeneza vizuri pia, lakini wengi humkausha, kwa kuwa hukaa tanurini sawa na kuku. Samaki anataka muda mfupi zaidi, na jiko lenye mpishi anayesimamia kila sahani lina nafasi nzuri ya kumtoa kwa wakati. Ukienda wa kisasa na kula kitu kimoja tu, kula huyo. Ngege ni habari nyingine: nyama yake ni nyembamba, miiba ni mingi, tanuri humvunja. Anayemtaka ngege ashuke Dunga au popote karibu na maji, akaangiwe mzima.

Na kuna jambo ambalo linanigusa moyo. Wahindi wa Afrika Mashariki wamejenga upishi wao wenyewe ambao India hawaujui hivyo: kuku wa kupaka kwenye tui la nazi, mahindi yaliyopikwa kwa nazi vivyo hivyo, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu wanayoiita mogo. Ni upishi wa hapa, wa vizazi vilivyozaliwa kati ya Mombasa, Kisumu na Kampala. Mkahawa wa kisasa unaojiita wa Kihindi hapa Kisumu, ukijaza menyu yake vyakula vya Delhi na London na kuacha hivi vyote, umeruka chakula chake cha karibu kabisa. Ukivikuta kwenye menyu, hiyo ni dalili njema kuliko mapambo yoyote. Mpishi huyo anajua alipo.

Thali sasa. Ni sinia moja ya chuma yenye vibakuli vidogo: dali, mboga mbili au tatu, kadhi (mchuzi wa maziwa ya mgando), achari, chatne, chapati ndogo laini zilizopakwa samli, wali, na kitu kitamu ambacho huliwa pamoja na vyakula vya chumvi, hakingoji mwisho. Dali ya Kigujarati ina sukari guru ndani yake, na mtu wa magharibi mwa Kenya ana haki ya kujisikia nyumbani hapo, kwa kuwa sukari guru ya miwa hupikwa Kakamega na Awendo. Mahali pengi thali huongezwa hadi useme basi: weita huzunguka na ndoo ndogo, naye hukushawishi kama shangazi. Kwa mwenye njaa na pesa kidogo, hakuna meza ya Kihindi inayoizidi. Haina muda mrefu, haina taa hafifu, na haifai kwa anayetaka kuposa.

Inafaa sana, hata hivyo, mnapokuwa na wageni wa imani tofauti. Wafuasi wengi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, hawali nyama, samaki wala mayai, na pia huepuka vitunguu na vitunguu saumu. Wajaini huongeza viazi na mizizi mingine kwenye orodha hiyo. Kumbuka zile rojo za msingi: karibu zote zimejaa vitunguu, kwa hiyo kwenye mkahawa wa zamani wa tanuri mgeni wa namna hiyo atabaki na wali na maziwa ya mgando. Mkahawa wa kisasa, ukiambiwa siku moja au mbili kabla, unaweza kumwandalia menyu nzima, na hiyo ni moja ya sababu za haki za kulipa zaidi. Wageni Waislamu waulizieni kama nyama ni halali, na msione haya, maana mikahawa imezoea swali hilo. Nyama ya ng'ombe kwa kawaida haipo kabisa. Nyekundu huwa ya mbuzi au kondoo.

Wenye maradhi nao wasisahaulike. Korosho imo kwenye michuzi mingi myeupe na hata kwenye ile ya siagi bila kuonekana, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga na korosho aseme waziwazi kabla ya kuagiza. Mwenye sukari aache naan, ambayo ni unga mweupe, aombe roti ya tanuri ya unga wa ngano nzima, achukue nyama za tanuri na dali ya manjano isiyo na krimu. Mwenye presha aihofu achari, maana chumvi yake ni nyingi.

Sasa pesa. Sitataja bei za sahani, zinabadilika kila msimu, lakini muundo wa bili ni uleule. Kuna kodi ya thamani iliyoongezwa ya asilimia 16, kuna tozo ya utalii ya asilimia 2, na mikahawa ya hadhi mara nyingi huongeza asilimia 10 ya huduma. Swali la kwanza ni kama bei za menyu zimeshajumlisha hayo. Huandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa mwisho. Chukua chakula cha shilingi 10,000. Kama bei zimejumlisha kila kitu, unalipa 10,000. Kama hazijajumlisha, kodi ni 1,600, tozo ni 200, huduma ni 1,000, na unatoka na bili ya 12,800. Hiyo 2,800 ndiyo huwafanya watu warudi nyumbani wakinong'ona. Na bili ikiwa na asilimia 10 ya huduma, hulazimiki kuacha bakshishi nyingine. Ukitaka kumshukuru weita aliyekuhudumia vizuri, mpe mkononi.

Kwa meza ya sita mkahawa wa karai huwa nafuu zaidi kwa kila mtu, kwa kuwa karai moja hulisha watatu au wanne likiwa na wenzake, na mabaki hufungwa mkaondoka nayo. Wa kisasa huhesabu kwa kichwa. Kila aliyekaa amelipiwa, pamoja na mtoto atakayekula naan peke yake. Kwa wawili tofauti hupungua sana, kwa sababu wawili kwenye mkahawa wa karai hulazimika kuagiza vyakula vitatu au vinne ili wapate mchanganyiko, na nusu hubaki. Ndiyo maana nasema wawili wana sababu ya kwenda wa kisasa hata kwa hesabu ya mfuko. Vinywaji ndivyo hupandisha bili ya kisasa kuliko chakula: lasi moja au maji ya chupa kwa kila awamu hujilimbikiza. Ombeni jagi moja la maji ya ndimu, mtulie.

Wageni wa kazi kutoka Nairobi ndio hunifanya nisite. Wao wanayo mikahawa ya kisasa ya Kihindi huko Westlands na Parklands, na sahani nyeusi hazitawashtua. Mara nyingi ningewapeleka kwenye karai zuri la zamani, waagiziwe mbuta wa tanuri kwanza. Lakini kama mazungumzo ni ya siri au ya mkataba, meza za kisasa zimeachana mbali, kelele ni kidogo, na weita hapiti na vikapu kati ya mabega yenu. Utulivu huo una thamani yake.

Vitamu vya mwisho havinichukui muda. Mikahawa ya zamani hununua gulabjamu au huzipasha. Kulfi zao mara nyingi ni nzuri. Wa kisasa hujitahidi zaidi, na mara nyingine hufanikiwa sana kwa iliki, zafarani na maembe ya msimu. Ukishiba, chai ya masala inatosha popote.

Kabla ya kuondoka nyumbani, pigeni simu. Ijumaa na Jumamosi usiku, na siku za Diwali, meza hujaa, hasa kuanzia saa mbili na nusu familia nyingi za Kihindi zinapofika kula. Ulizeni kama tanuri linawaka siku hiyo, maana jiko lisilowasha tanuri hadi jioni litawapa mchana mkate wa kikaangoni kwa bei ileile. Ulizeni kama mnaweza kukaa nje. Jioni za Milimani ni nzuri baada ya joto la mchana, ila muende na mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Na mkiwa na mama mzee au mtoto mdogo, ombeni meza ya saa kumi na mbili na nusu, kabla ya msongamano: moto wa tanuri unakuwa umeshashika, na jikoni bado wana nafasi ya kuwasikiliza.